Meza Iliyomfika Dada Kifuani

Mtu akinijia na kusema anataka kujenga jiko, huwa namwomba kwanza apike. Sina haja ya kuona kiwanja wala tofali. Namwambia, "Pika chakula chenu cha kila siku, mimi nitakaa hapo pembeni nikiangalia." Watu huona haya kidogo, lakini wakishaanza kumenya vitunguu hunisahau, na hapo ndipo ninapoona ninachokitafuta: anasimama au anakaa, maji anayafuata wapi, kisu anakilaza wapi akimaliza kukata. Zaidi ya yote naangalia sufuria ikishaiva anaitua wapi. Wengi hawajawahi kupafikiria mahali hapo. Utamwona mtu mzima ameshika sufuria ya moto kwa matambara, anazunguka nayo akitafuta pa kuiweka huku akimfokea mtoto asogee. Anajua kupika vizuri kabisa, ila aliyemjengea jiko hakumwangalia akipika.

Haya niliyajua kwenye kambi. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpishi wa safari za watalii wanaolala kwenye mahema, nikitokea Karatu kwenda Ngorongoro na Serengeti na kurudi. Mpishi wa namna hiyo hupanga jiko jipya kila mnapofika. Mko ukingoni mwa kreta, ukungu unashuka, wageni wanataka chai. Unaanza na upepo, ujue unatoka upande gani, ndipo uweke moto. Moto ukishakaa, unasogeza maji mahali ambapo mkono unafika bila kupiga hatua. Kibao cha kukatia kinakaa kati ya maji na moto, na ng'ambo ya moto unaacha nafasi tupu ya kutua sufuria. Wenzangu walipika wamechuchumaa. Mimi ni mrefu, na mgongo uliniumia siku moja nikishusha masanduku ya vyombo kutoka juu ya gari, kwa hiyo nilikuwa nabebanisha masanduku, naweka jiko la gesi juu yake na kupika nimesimama wima. Madereva walisema napika kama mtu anayehubiri.

Nikiwa sina safari nilikaa kwa dada yangu, pale pale Karatu. Kwetu ni Rombo, Kilimanjaro, na yeye aliolewa na mtu wa Rombo pia, dereva wa watalii. Walihamia Karatu kutafuta maisha, kisha wakaniita. Shemeji alifariki akamwachia dada watoto watatu, nyumba ndogo, na rundo la tofali za kuchoma ambazo alikuwa amekusudia kujengea jiko. Mtoto wa kwanza alikuwa mvulana wa shule ya msingi, wa pili msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule, na wa mwisho msichana ambaye bado alibebwa mgongoni. Dada aliwalea kwa cherehani yake. Sare za shule za watoto wengi wa mtaa ule zilipita mikononi mwake.

Alikuwa anapika kwenye kibanda cha mabanzi nyuma ya nyumba. Dada alikuwa mfupi, na alipika amekaa. Alikuwa na kigoda chake mbele ya mafiga, miguu ameinyoosha upande mmoja, ndoo ya maji kushoto, ungo wa mchele au maharage mapajani, na kuni nyuma ya bega ambapo alizichukua bila kugeuka. Hakuinuka mpaka chakula kiive. Watoto walimwegemea wakifanya kazi za shule, na yule mdogo alilala mgongoni mwake humohumo kwenye moshi. Ukimwangalia ungesema jiko lile ni nguo aliyojishonea mwenyewe.

Mwaka mmoja, katika baridi ya Julai, upepo wa kutoka milimani ukakiangusha kibanda. Dada akahamishia mafiga uani. Mwaka huohuo alianza kukohoa. Alikwenda hospitali, akapewa dawa, akapata nafuu, kisha akaugua tena. Majirani walisema ni kifua. Ugonjwa wenyewe haukutajwa jina siku zile, na dawa za kuutuliza hazikuwa zimefika kwetu. Dada hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amemwuguza mumewe kwa ugonjwa uleule, akaujua toka mwanzo wake hadi mwisho.

Asubuhi moja, tukinywa chai juani, aliweka kikombe chini akasema, "Tujenge jiko."

"Upone kwanza, dada."

"Tofali zitaliwa na mvua nikisubiri kupona. Si wewe unayejisifu kupanga majiko huko porini? Nipangie."

Nilifurahi kuombwa. Nilichukua kijiti, nikachora kwenye vumbi jekundu la uani. Nilimwonyesha meko ya chini, ya kukaa, yenye ukuta mdogo nyuma yake wa kuzuia upepo. Pembeni kibaraza kifupi cha kuegesha ungo, na shimo la kuni ukutani, palepale mkono wake ulipozoea kufika. Mlango ungetazama mbali na upepo wa milimani, na juu ya meko tungepitisha bomba la kutoa moshi kwa ajili ya kifua chake. Nilimpangia jiko kama nilivyomwona akipika kwa miaka yote, na hata leo naamini lingemkaa sawasawa.

Alisikiliza, akaitikia, kisha akaanza kuniuliza mambo yangu. "Wewe nyama unakatia wapi? Ukiwa unakoroga, mwanga unapenda utoke mbele au nyuma? Unga unauweka juu au chini?" Nilimjibu yote kwa kirefu, kama ilivyo tabia yangu. Nilidhani ananipa heshima ya kazi.

Kisha akatoa futi kamba yake ya ushonaji. "Simama. Wima, usijikunje."

"Unanishonea nini?"

"Simama, bwana." Alishusha futi kutoka kiwikoni mwangu hadi ardhini, akaitazama, akapima tena kutoka kiunoni.

"Aproni?"

"Ukinyamaza nitakushonea na kofia."

Siku iliyofuata niliondoka na wageni kwenda Serengeti. Tuliporudi, gari likanishusha barabarani na begi langu, nikakuta jiko limefika usawa wa madirisha. Fundi mwashi, jirani yetu Mwiraqw aliyekuwa akifanya kazi huku anaimba, alikuwa amenyamaza. Aliponiona alishusha mwiko wake.

"Afadhali umekuja, kaka. Mimi nimejenga kama mama alivyosema, lakini jina langu lisiharibike."

Aliniingiza ndani. Hapakuwa na meko ya chini. Ukutani kulikuwa na meza ndefu ya tofali iliyosakafiwa kwa saruji, na mwisho wake meko mawili ya kuni yaliyoinuliwa usawa wa meza, bomba la moshi likipanda juu yake. Baada ya meko, ng'ambo, alikuwa ameacha nafasi tupu.

"Mama akisimama hapa," fundi akasema, akiweka kiganja kifuani kwake mwenyewe, "meza inamfika hapa. Atakoroga ugali vipi? Atapanda juu kama kuku? Nilimwambia, mama, tushushe. Akaniambia, jenga, si wewe utakayekula."

Nilitoka nje na hasira kidogo. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na cherehani, amevaa sweta ingawa jua lilikuwa kali, yule mdogo amesinzia miguuni pake.

"Dada, fundi amekosea. Meza ile huiwezi."

"Hajakosea."

"Utapikaje?"

"Kuna kigoda. Nitapanda." Alikata uzi kwa meno, akaniangalia. "Mdogo wangu, umetoka safari, umechoka, lakini nenda kwanza ukasimame pale mezani. Uniambie kama mgongo unainama."

Nilirudi ndani. Nikasimama mbele ya ile meza, nikaweka mikono juu yake kama nakata kitu. Mgongo haukuinama. Dirisha lilikuwa mbele yangu, mwanga ukiangukia mikononi, na nje niliona ua wote hadi kwenye geti. Niligeuka nusu tu, mkono ukafika mahali pa ndoo. Nikageuka upande wa pili, moto. Kila nilichomweleza siku ile juani kilikuwa mahali pake. Nilibaki nimesimama hapo kwa muda, kwa sababu sikujua nitatoka na uso gani.

Nilipotoka, hakuniuliza kama nimeelewa.

"Inakutosha?"

"Inanitosha."

"Basi vizuri." Alimfunika mtoto na kanga. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga kazi ya kesho, "Hawa ni watoto wa ukoo wa baba yao. Wewe mjomba huna sauti pale, na mimi nikisema kitu watasema ni homa ilikuwa inaongea. Watawagawa. Mmoja huku, mmoja kule, kwa upendo tu, kila mtu achukue mzigo kidogo. Mimi nataka wale sufuria moja. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo kwa wazee, ila jiko la tofali watalikuta limesimama."

Nilimwuliza bomba la moshi analitaka lirefushwe au libaki vile.

"Lirefushwe," akasema. "Wasije wakakohoa."

Niliacha safari ndefu. Nikapata kazi kwenye nyumba ya wageni hapo Karatu, kazi ya alfajiri ya kufunga lanchi boksi za watalii wanaoshuka kreta, na saa za mchana nilikuwa nyumbani. Dada alipika mara chache kwenye jiko lile, amesimama juu ya kigoda, akicheka mwenyewe kwamba sasa anapika kutoka ghorofani. Alipoishiwa nguvu aliweka kiti mlangoni, mahali jua lilipofika, akawa anapika kwa mdomo.

"Ndizi hizo umezimenya mapema, zitakuwa nyeusi."

"Nimeziweka kwenye maji, dada."

"Maji bila chumvi? Huko kwa wazungu wanakufundisha nini?"

Ndizi tulizipata sokoni, zimepanda na magari kutoka Mto wa Mbu. Alinifundisha mtori wa kwetu, supu nzito ya ndizi na nyama, kama mama alivyoupika, na makande ya Karatu ambayo watoto waliyapenda zaidi. Nilijua kupikia wageni supu ya karoti na keki kwenye sufuria, lakini kumpikia mtoto ambaye jana alikula na leo amegoma, hilo lilikuwa somo jingine. Nami nilimwonyesha ninavyojua mimi. Nilimwelekeza yule mvulana mpini wa sufuria ugeuzwe ndani usije ukaparazwa na mpita njia, na kisu kisizamishwe kamwe kwenye maji yenye povu, kwa sababu atakayeosha hatakiona. Nikirudia jambo mara nyingi, dada alisema, "Ameelewa, mwalimu. Mwache apumue."

Wanawake wa jirani walisimama kwenye ua wakitazama mwanaume anapepeta maharage.

"Mpishi wa wazungu! Leo wageni wako wanakula nini?"

"Makande, mama."

"Makande! Kumbe hata sisi tungepata kazi!"

"Na mchicha huo, mbona umeukata kama wa ng'ombe?"

"Utaolewa lini, baba? Tuanze kuandaa mahari?"

Dada alicheka hadi akakohoa, na wao wakaacha utani wakaja kumshika mgongo. Nawakumbuka kwa vyote viwili.

Aliondoka mwanzoni mwa msimu wa mvua, hospitalini, asubuhi, nikiwa nimemletea chupa ya uji ambayo hakuifungua. Tulimrudisha Rombo, akazikwa kwenye kihamba cha mumewe, shamba la nyumbani la ukoo, kando ya kaburi lake, kati ya migomba. Baada ya matanga kuanuliwa ukoo wa shemeji ukakaa kikao, nami nikaitwa, nikapewa kiti karibu na mlango. Watoto walikuwa nje na watoto wenzao. Niliwasikia wakicheza.

Baba mkubwa wa watoto, kaka yake shemeji, ndiye aliyeongoza. Hakuwa mtu mbaya. Alikwisha kufikiri: mvulana aende kwake, msichana wa kati aende kwa baba mdogo aliyeko Moshi, na mdogo kwa bibi yake.

Nikaomba kusema. Nilisema marehemu alitaka watoto wakae pamoja, Karatu, na kwamba mimi nipo.

"Amekuandikia?" akauliza.

"Hapana, baba. Amejenga jiko."

Mzee mmoja akacheka kidogo puani. Nilianza kueleza. Nilieleza meza, dirisha, mahali pa ndoo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona nyuso zikizidi kuchoka.

"Kijana," baba mkubwa akasema kwa upole, "sisi tunazungumza watoto, wewe unatueleza meko. Huna mke. Kazi yako ni ya kuzunguka na watalii. Mtoto wa kike akiumwa tumbo usiku atamwambia nani?"

Lilikuwa swali zuri.

Ndipo shangazi yao akaongea, dada yake shemeji, mwanamke mnene wa sauti ya chini. Alikuwa amekuja Karatu kumwona mgonjwa katika wiki zake za mwisho na alikaa kwetu siku kadhaa.

"Mimi nimesimama kwenye jiko hilo," alisema. "Nilishindwa kukata kitunguu. Meza inanifika hapa." Akajigusa chini ya kifua. "Na marehemu, nyote mnamjua, alikuwa ananifika begani. Ametumia tofali za mume wake, na nguvu ya mwisho aliyokuwa nayo, kujenga jiko ambalo yeye mwenyewe hakulifikia. Alikuwa anajua kupima, yule. Alishona nguo za watu miaka yote. Sasa niambieni nyinyi alikuwa anampima nani."

Hapakuwa na aliyecheka. Walijadili hadi jioni, na mwisho wakaamua kwamba wale wawili wanaosoma warudi Karatu, wasihamishwe shule. Mdogo hapana. Shangazi mwenyewe ndiye aliyesema atamchukua. "Huyu bado anahitaji kifua cha mwanamke," aliniambia baadaye nje, akinishika mkono, na alikuwa analia. "Usinichukie, mjomba wao. Nimekupigania nilipoweza."

Sikumchukia. Alimlea vizuri.

Basi tukarudi Karatu watatu. Jiko lilifanya kazi yake bila kasoro. Nimepika kwenye majiko mengi tangu hapo, mengine yenye marumaru na mabomba ya maji ya moto, na sijapata jingine lililonikaa mwilini namna ile. Nilipika nimesimama wima, nikitazama uani, na kila siku macho yangu yaliwahesabu waliokuwepo na kumkosa mmoja. Nilipima unga wa watu wanne kwa muda mrefu kabla mkono haujajifunza. Ukiwa unapanga jiko lako, nakuomba ulipange kwa moyo wote, kwa sababu litakusaidia kweli. Litakupunguzia hatua, litakulindia mgongo, moshi hautakusumbua. Kuna vitu halitaweza, na si kosa la aliyelijenga.

Mdogo alikuja kututembelea Desemba ya mwaka uliofuata, pamoja na shangazi yake. Alikuwa amerefuka, nywele zimesukwa vizuri, anaongea Kirombo cha kasi kuliko kaka na dada yake. Kaka yake alimbebea begi. Dada yake alimzunguka akimpapasa nywele. Ilikuwa mchana wa joto, wote watatu wakaja jikoni nilipokuwa nakaanga nyama. Wale wawili wakapita moja kwa moja hadi pembeni, wakachukua vikombe kwenye rafu ya chini ambayo mama yao aliagiza iwekwe usawa wa mabega ya watoto, wakachota maji, wakanywa, wakatoka mbio.

Yeye alisimama mlangoni, miguu ameiweka pamoja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Ingia."

Aliingia hatua moja. Aliangalia meza, moshi unavyopanda, mikono yangu. Kisha akasema taratibu, kama alivyofundishwa kusema akiwa kwa watu:

"Mjomba, naomba maji ya kunywa."

Vikombe vilikuwa karibu na mkono wake. Nilitaka kumwambia hapa ni kwao, achukue tu, asiombe. Lakini neno hilo lingemwaibisha, na alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Niliitua sufuria, nikafuta mikono, nikamchotea maji. Akanywa yote akiwa amesimama. Akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, akasema asante.